Glavu za Kiangazi

Kila sifa ni yake Mwenyezi Mungu, aliyenivusha bahari nikiwa msichana na akanizeesha katika nchi ya baridi bila ya kunisahau hata siku moja. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichoninyima, na namshukuru zaidi kwa watu aliowaweka njiani mwangu, maana wengi wao hawakuwa wa dini yangu wala wa lugha yangu, na wao ndio walionilisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na wote wanaomfuata kwa wema. Baada ya hayo, nataka kuusimulia mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka niliokaa katika nyumba ya Luz na Nestor, Wafilipino wawili, hapa hapa Birmingham, kwenye mtaa mmoja mwembamba unaotokea Stratford Road. Sikukusudia kuuandika. Nilikuwa nimeshauweka mahali pake moyoni, ukatulia. Lakini majuzi simu ililia nikiwa nimemaliza sala ya adhuhuri, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniambia kwa Kiingereza, "Ate Zuhura? Ni mimi, Tesa. Mama amefariki." Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeniita Ate, ambayo kwao ni dada mkubwa, kwa hiyo nilijua ni nani kabla hajataja jina lake. Nikasema kama tusemavyo sisi, kwamba ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikakaa juu ya msala kwa muda mrefu. Sikulia. Niliitazama mikono yangu.

Mjukuu wangu Idrisa ndiye aliyenipeleka kwenye maziko. Yeye Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenya, ila kukijibu ni kwa Kiingereza. Alipoona anwani ni ya kanisa alipunguza mwendo wa gari akaniuliza kwa upole, "Bibi, una hakika? Watu wa msikitini wakikuona?" Nikamwambia, "Wakiniona waambie bibi yako kaenda kumzika aliyempa chakula." Akacheka, akasema sawa Bibi, akaongeza mwendo. Tulipita Sparkhill, na mimi nikageuza uso kutazama ule mtaa wetu ukipita kwa haraka dirishani: nyumba zilezile zilizoshikana mabega, matofali mekundu yaleyale, isipokuwa pale palipokuwa na duka la mkate sasa wanauza nguo za harusi zinazometameta mpaka nje.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya kufua katika hospitali moja ya mji huu. Mashuka yalikuja kwa magunia, na dawa tuliyotumia ilikuwa kali, inaingia mpaka kwenye kucha. Luz alikuwa akisafisha sakafu za korido, na kila asubuhi alituletea matambara yake machafu kwa mkokoteni. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, nywele zimebanwa vizuri kama anakwenda kupigwa picha. Siku moja alinikuta nakula mkate mtupu pembeni ya mashine. Hakuniuliza jina langu wala nchi yangu. Aliniuliza, "Wali huli?" Nikamwambia wali naupenda kuliko mama mkwe anavyopenda maneno, lakini chumba ninachokaa mwenye nyumba hataki tupike. Akanitazama kana kwamba nimemwambia nimefungwa gerezani. "Leo utakuja kwangu," akasema. Nikaja, nikala, na baada ya siku chache nikahamia chumba chao cha nyuma juu, chenye dirisha linalotazama uani. Nilipomwambia, kwa haya, kwamba sili nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa dini yangu, alikwenda Stratford Road akanunua sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake wa kushikia, akaitundika peke yake. Akamwambia mumewe mbele yangu, "Nestor, ukiigusa hii na nguruwe wako, utalala uani." Nestor akainua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. "Mama, mimi na hii sufuria hatujuani."

Nikiulizwa furaha ya nyumba ni nini, nitasema ni jiko lile. Lilikuwa dogo, watu watatu wakisimama wa nne hapiti, na mvuke uliufanya ukuta utoe jasho. Asubuhi Luz alikaanga kiporo cha wali kwa kitunguu thomu mpaka harufu ipande ngazi iniamshe kabla ya saa yangu. Maji ya wali aliyapima kwa kidole, anasimamisha ncha juu ya mchele na maji yafike pingili ya kwanza, na nilipomwona nilipiga kelele kwa furaha, maana nyumbani kwetu walipima vivyo hivyo. Ukoko tulikuwa tunaugombania. Tulikula kwa mkono, magazeti yametandikwa mezani, na Nestor alikuwa akisema kwamba Waingereza wanatumia uma kwa sababu hawaviamini vyakula vyao. Na samaki mkavu! Walikuwa na ng'onda wao, wadogo, wenye chumvi kali, na siku wakiwakaanga mtaa mzima ulijua. Jirani yetu wa kushoto, Mama Pritam, Kalasinga aliyehama kutoka Nairobi, aligonga mlango wa uani na upawa mkononi. Aliponiona mimi akaanza kunisema kwa Kiswahili chake, "Wewe msichana, hii watu yako iko napika nini? Kitu imekufa?" Nikamwambia, "Samaki, mama. Karibu." Akavuta pua, akasema, "Nairobi mimi nakula omena miaka mingi, lakini hii ni kelele." Kisha akaingia, akaonja, akakaa. Baadaye alikuwa akigonga hata siku ambazo hatukukaanga, kuuliza kwa nini.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nilitaka kula peke yangu chumbani, nisiwasumbue. Jioni ya kwanza nilishuka nikaikuta meza imeandikwa na wote wawili wamekaa, chakula kimefunikwa, hakuna aliyegusa. Nestor alikuwa ametoka kazini, kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa siku nzima, na tumbo lake lilikuwa likinguruma tunalisikia. Nikasema, "Kuleni jamani, jua bado." Luz akajibu, "Katika nyumba ya Mfilipino hali mmoja akabaki mmoja. Tuambie jua likizama." Wakangoja. Wakangoja mwezi mzima. Nimefuturu na mashekhe tangu siku hizo, nimefuturu katika nyumba zenye mazulia ya kuzama miguu, lakini Mungu ni shahidi wangu kwamba sijapata tena kungojewa namna ile.

Sasa niseme juu ya fahari ya Luz, kwa sababu ndiyo iliyotulisha na ndiyo iliyotutia uchungu. Kwao alikuwa mwalimu wa shule. Alikuja huku kwa sababu mshahara wa ualimu haukutosha hata kununua madaftari, na alimwacha binti yake, Tesa, na mama yake mzazi, mtoto akiwa bado hajatoka meno yote. Hakupata kuwaambia watu wa kwao kwamba anasafisha sakafu. Aliwaambia anafundisha. Kila Jumapili baada ya kutoka kanisani walikaa sebuleni na redio ya kaseti katikati ya meza, wakamtumia bibi sauti zao badala ya barua, na mimi niliombwa kunyamaza au kusema salamu. Lugha yao sikuijua, lakini ilikuwa na maneno ya Kiingereza ndani yake, na nilimsikia vizuri akisema darasa langu, wanafunzi wangu, mwalimu mkuu. Sauti yake ilibadilika, ikawa pana na tulivu, sauti ya mtu mwenye chaki mkononi. Nestor alikuwa akitazama mazulia. Mara moja nilimsikia, kaseti ikiwa imezimwa, akimwambia, "Mama, siku moja mwanafunzi wako mmoja atakuja kututembelea, tutamtoa wapi?" Luz akasema, "Nilikuwa mwalimu. Mungu anajua nilikuwa mwalimu. Sisi hatupeleki aibu nyumbani, tunapeleka sanduku."

Na kweli sanduku lilikuwa jambo la heshima. Lilikaa kwenye pembe ya sebule, kubwa, la karatasi ngumu, likijazwa polepole miezi na miezi: sabuni za kunukia, nyama za kopo, taulo, kalamu za rangi, viatu ambavyo Luz alivinunua kwa kukisia mguu wa mtoto umefika wapi. Kila kilichoingia alikinusa kwanza, akakikunja, akatafuta nafasi yake. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha moto, nyasi za bustani zimegeuka rangi ya mkeka, na Luz akataka picha ya kutia ndani ya sanduku. Tukaenda bustanini, Nestor na kamera ya kuazima. Luz alivaa koti lake zuri la sufu, la buluu, na glavu nyeusi. Jasho lilikuwa likimtiririka. Watu waliokuwa wamelala kwenye majani na fulana wakainua vichwa. Nestor akasema, "Mama, utaiva kabla sijabonyeza." Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye mwenyewe alicheka, lakini glavu hakuvua. Nilidhani ni madaha, anataka kule waone baridi ya Uingereza. Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine mbele ya koti, akanyoosha shingo, na picha ikapigwa.

Siku za vuli ndipo Tesa alipoletwa. Karatasi zilikuwa zimekamilika, na mama mmoja wa kwao aliyekuwa akisafiri alikubali kuja naye. Luz alipaka rangi chumba kidogo kwa mkono wake. Nestor aliazima gari, na mimi nikachukuliwa kwenda uwanja wa ndege kushika koti la mtoto, kwa kuwa Luz alisema mikono yake itakuwa na kazi. Alivaa lile koti la buluu na zile glavu. Mtoto akatokea, mwembamba, viatu vimemzidi kidogo, macho makavu. Kwao wana desturi ambayo nilikuwa sijaiona bado kwa macho yangu: mtoto humwamkia mkubwa kwa kuuchukua mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, na mkubwa hujibu kwa kumwombea baraka. Tesa alimfanyia hivyo baba yake, na Nestor akambariki huku akilia bila kujificha. Kisha akamgeukia mama yake. Aliushika ule mkono wenye glavu, na badala ya kuunyanyua, akaanza kuivuta ile glavu kwenye vidole, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayevua soksi ya mgonjwa. Luz akaunyakua mkono wake. Aliunyakua kwa nguvu, akauficha nyuma ya koti, kisha akamkumbatia mtoto kwa mkono wa pili, akamkumbatia sana, akamwita majina yote mazuri aliyokuwa ameyaweka miaka yote ile. Mtoto alisimama ndani ya lile kumbatio kama fimbo.

Mimi sikuona ubaya. Naomba msomaji anielewe. Chuoni kwetu, tulikosomea Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba mtu akitaka kuubusu mkono wako uvute, usijione mtukufu, na watu wa kwetu wenye adabu wanavutana mikono mlangoni mpaka chai inapoa. Niliona Luz amefanya unyenyekevu. Nilisema moyoni, mashallah, mwanamke huyu ana adabu kama yetu. Nilirudi garini nimefurahi, nimelikumbatia koti la mtoto ambaye sasa alikuwa amekaa karibu na mlango, mbali na mama yake kadiri kiti kilivyoruhusu.

Jioni ya siku ya pili nilirudi kutoka kazini, na Tesa alikuwa jikoni. Nestor akamwambia neno, naye mtoto akaja kwangu, akanyoosha mkono kuuchukua wangu. Nami, kwa mazoea ya kwetu, nikaanza kuuvuta. Nestor akaruka kutoka kitini. "Usiuvute! Zuhura, usiuvute!" Nikauacha. Mtoto akauweka mkono wangu kwenye paji lake, mkono wenyewe umechubuka, umepasuka kwenye viungo, unanuka dawa ya mashuka, na akaubakiza pale muda kidogo. Nestor akaniambia niseme Mungu akubariki, nikasema. Mtoto alipotoka nilimuuliza Nestor kulikoni. Akanijibu kwa sauti ndogo, akitazama mlango, "Kwetu mkubwa akiuvuta mkono wake ni kwamba amekunyima baraka. Hufanyi hivyo kwa mtoto. Hufanyi hata kwa mtoto wa adui." Hapo nikakumbuka uwanja wa ndege, na nikaionea haya ile furaha yangu ya garini.

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na chakula kilekile, ukoko uleule, Mama Pritam na upawa wake, lakini kila jioni kulikuwa na kitu ambacho sote tulikiona na hakuna aliyekitaja. Tesa alimwamkia baba yake kwa mkono. Alimwamkia Mama Pritam, aliyesema "Eh, hii mtoto iko na tabia!" na kumpa peremende. Alinijia mimi. Ila mama yake, Tesa alimsalimu kwa mdomo tu, kwa heshima, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Alikula alichopikiwa na akashukuru. Alivaa alichonunuliwa. Hakuwa mtoto mkaidi. Angekuwa mkaidi ingekuwa nafuu, ukaidi una mwisho. Alikuwa mtoto aliyekwenda akakataliwa, na anangoja aitwe. Na Luz naye alikuwa akingoja aje. Asubuhi alitoka na koti zuri na glavu, akabadilisha nguo hospitalini, na jioni akarudi na koti zuri na glavu, akazivua bafuni, akapaka mikono mafuta, akaja mezani na mikono imefungwa ndani ya taulo ya jikoni kana kwamba daima ndiyo kwanza ametoka kuosha vyombo. Kula kwa mkono kulikoma. Siku moja nilikuta uma zimepangwa mezani. Nestor alizitazama, akachukua wake, hakufanya mzaha.

Mimi na mtoto tulikuwa tukikaa pamoja alasiri akitoka shule, kwa sababu zamu yangu iliisha mapema. Nilimfundisha kusema shikamoo, akapenda neno hilo, akawa ananiamkia kwa desturi mbili mara moja, mkono na neno, nami namwitikia marahaba na kumbariki. Nilimsuka nywele. Nilimpikia maandazi. Hakuniuliza hata mara moja mama yake anafundisha shule gani. Nilikuwa nimejiandaa, maana sikutaka kusema uongo na sikutaka kuivua nguo siri ya mtu; kila siku nilimwomba Mungu asiniulize, na hakuuliza. Nilidhani ni upole wake.

Siku moja ya baridi, Tesa akiwa shule, Luz na mimi tulikuwa jikoni tunakatakata vitunguu, na dirisha limefunga ukungu. Akaniuliza bila kuinua macho, "Zuhura, kwenu mtoto akiacha kumwamkia mama yake, mnafanya nini?"

"Mama humwita, Ate Luz. Humwambia, njoo mwanangu."

"Kwetu mama haombi heshima. Hupewa."

"Lakini yeye alikuja. Pale uwanjani alikuja."

Kisu kikasimama. "Unajua kule wanamwitaje? Mtoto wa mwalimu wa Uingereza. Shule nzima. Mama yangu anatembea sokoni kichwa juu kwa sababu hiyo. Nikimpa mtoto huu," akainua mkono wake mwekundu, uliopasuka, kitunguu kikiuchoma, "nimpe nini tena?"

Nikanyoosha wangu kando ya wake. Ilikuwa sawasawa, kama ya mapacha. "Huu anaushika kila siku," nikasema. "Hajapata kukunja uso."

Akaitazama mikono yetu. Kisha akasema, wala hakusema kwa hasira, "Wewe si mama yake. Wewe ukiwa dobi hakuna anayepungukiwa." Akaendelea kukata. Nikasema pole, na sijui mpaka leo pole ile ilikuwa ya nani.

Mwaka uliishia hivi. Jioni moja Luz alirudi mapema kuliko kawaida, na Tesa alikuwa ameketi sakafuni, kichwa chake magotini pangu, namaliza kumsuka. Mkono wangu ulikuwa juu ya paji lake, nimeusahau hapo, na yeye amefumba macho. Luz alisimama mlangoni na koti lake. Akapanda juu. Kesho yake alinifuata chumbani kwangu, akakaa kitandani, akaanza kukunja nguo zangu zilizokuwa hapo kama afanyavyo na vitu vya sanduku, akizinusa kidogo kwa mazoea. "Mtoto anakua," akasema. "Atahitaji chumba kikubwa. Nyumba imekuwa ndogo." Nikamwambia, "Naelewa, Ate." Na nilielewa. Nilikuwa nimechukua kitu chake bila kukitaka, na nisingeweza kumrudishia kwa kukaa. Siku ya kuondoka alinipa ile sufuria yenye uzi mwekundu, ameijaza wali na kuku wa siki, na akanibebea mpaka kituo cha basi. Tesa alikuwa ameuweka mkono wangu kwenye paji lake mlangoni na hakutaka kuuachia, na Luz alikuwa amegeuka kutazama barabara.

Tulionana baada ya hapo, mji ni huu huu. Tulikutana Ladypool Road tukichagua samaki, tukaulizana hali, tukacheka. Niliolewa, akaja na sahani ya tambi. Nestor alipofariki nilikwenda. Tesa alisoma, akawa muuguzi wa watoto katika mji mwingine, akaolewa, akawa anakuja na kuondoka, mtiifu, mkarimu, analipia kila kitu. Kila nilipowaona pamoja nilitazama mikono yao. Haikukutana.

Kwenye maziko walitupitisha kwanza kumtazama, kabla ya ibada. Luz alikuwa amelala ndani ya jeneza, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele zimebanwa vizuri. Mikono imewekwa mmoja juu ya mwingine, vilevile kama kwenye ile picha, na imevishwa glavu nyeupe. Nilimwombea kwa maneno yangu ya kimya, Mungu anajua la kufanya nayo. Baada ya kuzika tulikwenda ukumbini, Wafilipino wamejaa, vyakula vimepangwa, watoto wanakimbia, mzee mmoja anaimba kwa kipaza sauti bila kuombwa. Tesa akanishika bega akanipeleka kwenye pembe ya jiko. Kulikuwa na sufuria, si ile niliyopewa mimi, imewekwa peke yake, na kwenye mkono wake imefungwa uzi mwekundu. "Kuku wa halali, Ate. Nimepika mwenyewe." Tukakaa hapo hapo jikoni, tukala kwa mikono.

Nilimuuliza nani aliyemvisha zile glavu. Akasema, "Aliagiza mwenyewe. Hospitalini, siku zake za mwisho. Nilimwosha mwili mzima kwa siku zote zile, isipokuwa mikono; hiyo aliiosha mwenyewe." Akafuta vidole. Halafu akaniambia hili, nami naliandika kama alivyolisema. "Bibi yangu alijua, Ate. Alijua tangu ile picha. Aliishika kwenye mwanga, akasema, nani huvaa glavu penye jua kali namna hii? Hii ni mikono ya mtu anayefanya kazi ngumu kwa ajili yetu. Na siku ninaondoka aliniambia, mama yako atakuja na glavu. Mvue. Uweke mkono wake kwenye paji lako, na uubakize hapo kuliko wa mtu mwingine yeyote, ili ajue kwamba tunajua na tunaona fahari."

Nikaweka tonge chini. "Na hukumwambia? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja anipe mkono," akasema. "Ningemwambia kwa mkono. Kwa mdomo ingekuwa kumwaibisha. Na leo asubuhi nilisimama pale peke yangu naye, nikaishika glavu kwenye kidole, nikashindwa. Aliniambia hapana mara moja. Sikuthubutu kumvua mara ya pili."

Ukumbini walikuwa wakicheka jambo. Mwanamke huyu, mwenye mvi sasa, miwani imeteremka puani, aliweka sahani yake chini, akauchukua mkono wangu wenye mafuta ya kuku. Nimezeeka katika adabu ya kwetu. Siku hizi kila mtoto wa msikitini akitaka kuubusu mkono wangu nauvuta kabla hajafika, bila hata kufikiri. Na mkono wangu ulianza kuvuta. Nikauzuia. Akauinamia, akauweka kwenye paji lake, akaubakiza. Haukuwa mkono alioagizwa. Wote wawili tulilijua hilo, na ndio uchungu wenyewe, kwamba mkono uliokuwa wake ulikuwa umeshafukiwa umbali mfupi kutoka pale, umevaa kitambaa cheupe. Lakini ulikuwa mkono wa kazi ileile, wa dawa ileile, na ndio uliobaki. Nikasema, "Mungu akubariki, mwanangu," na nikasema tena kwa ajili ya yule aliyepaswa kusema. Idrisa alikuja kuniita kwamba gari limezuia watu. Alituona, akarudi nyuma, akafunga mlango polepole.

Na wewe uliyenifuata mpaka hapa, ndugu yangu, mwanangu, popote ulipo: Mwenyezi Mungu aitakase mikono iliyokulea, ikiwa laini au imepasuka, na akujaalie kuishika ingali na joto. Akuepushe na fahari inayomnyima mtu baraka aliyokwisha kuandaliwa. Akupe nyumba ambayo watakungoja jua lizame ndipo wale. Na pale utakaponyooshewa mkono, akupe nguvu ya kuuacha wako ulipo. Amina.